Safari ya Namugongo na Afya ya Msafiri

Mtu wa milimani akisikia neno "ng'ambo" hufikiri Uingereza, au Marekani, au Bara Hindi, nchi ambazo watu huziendea kwa ndege na kurudi na koti zito. Uganda haimo katika hesabu hiyo. Uganda ni kwa jirani; huko tuna wakwe, tuna watoto wetu katika vyuo, na tangu mwaka wa 2014 Mkenya aweza kuvuka mpaka kwa kitambulisho chake tu, pasipo pasipoti. Nimeona kuwa ujirani huo ndio unaotuponza. Mtu aendaye London huenda kwanza kwa daktari akauliza maswali, akachomwa sindano zote anazoambiwa. Bali mtu aendaye Namugongo hutia blanketi na mkate katika mfuko, akapanda basi.

Kwa ajili ya wasomaji wasiopajua, Namugongo ni mahali palipo yapata kilomita 15 kutoka katikati ya mji wa Kampala, upande wa kaskazini-mashariki. Hapo, tarehe 3 Juni 1886, Charles Lwanga na vijana wenzake wa jumba la Kabaka Mwanga walichomwa moto kwa kuwa walikataa kuiacha dini yao. Mashahidi wa Uganda wanaohesabiwa ni 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, ingawa si wote waliouawa mahali hapo wala siku hiyo moja. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza wale 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na mwaka wa 1969 akafika Uganda mwenyewe. Leo pana kanisa kubwa lililojengwa kwa umbo la nyumba ya msonge ya Kiganda, lenye nguzo 22 za shaba, na Waanglikana nao wana mahali pao pa sala karibu na hapo. Kila mwaka siku hiyo ya 3 Juni umati wa watu hukusanyika, kutoka Uganda yenyewe, Kenya, Tanganyika ya zamani ambayo sasa ni Tanzania, Rwanda na Kongo. Wengine huja kwa miguu, mwendo wa siku nyingi, wakiimba njiani.

Parokia yetu iko katika miinuko ya Nyeri, na desturi yetu ni kupeleka basi moja. Kazi yangu katika msafara huo ni ya ukatibu: kuandika majina, kupokea nauli, kutunza orodha. Ndiyo kazi niliyoizoea, maana hata ofisini hula mkate wangu kwa orodha.

Basi huondoka saa kumi na mbili jioni. Hupita Nyahururu na Nakuru usiku, na karibu na mapambazuko huwa mpakani Malaba. Wazee hukaa vitini saa tisa au kumi bila kuondoka, wakashuka na miguu iliyovimba kama mihogo. Yafaa kila dereva anapotia mafuta kila mtu ashuke atembee kidogo, hata mwenye usingizi. Dawa za wale wenye ugonjwa wa sukari au shinikizo la damu zisiwekwe katika mizigo iliyo chini ya basi, bali katika mfuko wa mkononi, kwa sababu mizigo hiyo haifunguliwi hata mwisho wa safari.

Mpakani ndipo nilipomsikia afisa wa afya, kijana mwenye adabu, akimwuliza mama mmoja wa kundi letu, "Mama, kadi yako ya homa ya manjano iko wapi?" Mama akamjibu, "Mwanangu, mimi nakwenda kusali, siendi Ulaya." Watu wakacheka, na kijana naye akacheka, walakini hakumruhusu kupita mpaka kadi ilipotolewa ndani ya Biblia, alikokuwa ameificha isikunjike.

Kadi hiyo wengi huifikiri kuwa ni kodi ya namna fulani, karatasi ya kumpendeza afisa. Tena wako watu wasio na haya ambao huinunua bila kuchomwa sindano. Mtu wa namna hiyo amemdanganya nani? Afisa hataumwa na mbu kwa niaba yake. Homa ya manjano haina dawa ya kuiponya. Mganga huweza kumsaidia mgonjwa asikaukiwe na maji na kupunguza maumivu, basi. Lakini chanjo yake ni moja ya chanjo njema kabisa, sindano moja tu, na tangu Julai 2016 kadi yake hutambuliwa kwa maisha yote ya mwenyewe. Sharti lake ni kwamba haihesabiwi kuwa na nguvu mpaka zipite siku 10 tangu kuchanjwa, kwa hiyo mtu anayechanjwa siku ya kuamkia safari amechelewa. Watu waliopita umri wa miaka 60, wenye mimba, watoto wachanga, na watu ambao kinga ya miili yao imepungua yawapasa kuzungumza na daktari kwanza, maana si kila mmoja wao afaaye kuchanjwa.

Wala isidhaniwe kuwa homa hiyo ni hadithi ya kale. Mwaka wa 2016 ilitokea Masaka na mahali pengine katika Uganda, na kwetu Kenya iliua watu katika bonde la Kerio miaka ya 1992 na 1993, tena ikaonekana Isiolo mwaka wa 2022. Waganda wenyewe wameichunguza kwa muda mrefu. Mwaka wa 1936 shirika la Rockefeller la Marekani lilifungua Entebbe nyumba ya kuuchunguza ugonjwa huo, na watafiti wa hapo walikuwa wakiweka nyani katika vizimba juu ya miti ili waone mbu watawaambukiza nini. Mwezi wa Aprili 1947, katika msitu mdogo wa Zika ulio kando ya njia ya Kampala na Entebbe, walitafuta homa ya manjano katika damu ya nyani mmoja wakakuta kirusi kingine kisichojulikana, wakakiita kwa jina la msitu ule. Miaka karibu 70 baadaye kirusi hicho kilisumbua Brazili na nchi nyingine za Marekani ya Kusini. Hivyo mbu wa msitu mmoja mdogo amejulikana ulimwenguni kote.

Baada ya Malaba huonekana mwamba wa Tororo, kisha nchi hulala chini na kuwa kijani kibichi, mashamba ya mpunga, na mabonde yenye maji yaliyojaa mafunjo. Mtu wa Nyeri huisifu nchi hiyo kwa mvua yake. Mimi nami naisifu, lakini kila nionapo maji yaliyosimama nawakumbuka mbu. Hii ni Busoga, nchi iliyoonja msiba mkubwa: kati ya mwaka wa 1900 na 1920 ugonjwa wa malale, unaoletwa na mbung'o, uliua watu zaidi ya 200,000 hapa na katika ufuko wa ziwa wa Buganda, hata serikali ya wakati huo ikawahamisha waliosalia ufukoni na visiwani, na nchi iliyokuwa na migomba ikarudi kuwa msitu. Sasa malale yamepungua mno, shukrani kwa kazi ya miaka mingi, na msafiri wa basi hana sababu ya kuyaogopa. Nimeyataja ili ijulikane kuwa watu wa huku hawakuzaliwa na miili ya chuma. Wamezikwa kwa maelfu kabla hatujaja kuwatembelea.

Mbele ya Jinja ni msitu wa Mabira, na baada ya msitu ni Namawojjolo, ambapo basi halijasimama bado na wauzaji wamekwisha kulizunguka, kila mmoja ameinua vijiti vya kuku wa kuchoma na ndizi zilizoiva za kuchoma, ziitwazo gonja. Msafiri mwoga huambiwa asile chakula cha njiani. Mimi sikubaliani na shauri hilo moja kwa moja. Kuku atokaye motoni sasa hivi, unayemshika ukaunguza vidole, ni salama kuliko wali uliopikwa jana katika hoteli yenye vitambaa mezani. Vivyo hivyo ile chapati iliyofungwa pamoja na mayai, ambayo Waganda huiita roleksi. Ukiona ikikaangwa mbele yako, ule kwa amani. Kinachodhuru ni vitu vilivyopoa, kachumbari iliyooshwa kwa maji usiyoyajua, matunda yaliyokatwa na kuachwa wazi kwa nzi, na mikono yetu wenyewe isiyonawa. Na msafiri wa kundi letu ambaye hakuwa na sabuni nilimwona akinunua kuku wawili.

Namugongo kwenyewe, usiku wa kuamkia sikukuu, hakuna nafasi ya nyumba kwa umati ule wote. Watu hulala nje, juu ya mikeka na magunia, katika nyasi, chini ya mahema, wengine wakikesha kwa sala na nyimbo. Ni usiku mzuri. Hakuna baridi ya kwetu, na mtu wa Nyeri huvua koti lake, hukunja mikono ya shati, hulala uso wazi akizitazama nyota. Mvua za masika huwa zimeisha hivi karibuni, na miezi hiyo ya Mei, Juni na Julai ni katika wakati ambao malaria huwa nyingi Uganda. Mbu wa malaria huuma usiku, tangu giza kuingia mpaka alfajiri, wala hamwambii mtu. Sauti yake ni ndogo, na usiku huo kuna nyimbo.

Mwaka wa 2023 tulikwenda watu 42. Katika hao alikuwapo mzee mmoja mkulima wa chai, mtu mwenye nguvu, ambaye jina lake lilikuwa la 17 katika orodha. Tulirudi nyumbani tarehe 5 Juni, kila mtu mzima, kila mtu mwenye furaha. Tarehe 15 mzee akasikia baridi na maumivu ya viungo. Kwetu mwezi wa Juni ni mwezi wa ukungu na manyunyu, na kila nyumba ina mtu anayekohoa, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Akaenda zahanati moja ya karibu, akapewa vidonge vya mafua na vya maumivu. Hakuna aliyemwuliza alikotoka, wala yeye hakusema, kwa maana safari ilikuwa imekwisha siku kumi zilizopita na haikumjia katika mawazo kuwa ina uhusiano na baridi ile. Homa ikapungua, ikarudi, ikapungua. Siku ya nne alianza kusema maneno yasiyoeleweka na kumwita mkewe kwa jina la dada yake. Walipomfikisha hospitali walimpima damu, wakaona malaria imejaa, wakamchoma sindano za artesuneti usiku ule ule. Alikufa tarehe 20 Juni.

Katika mazishi nilisikia watu wakisema kwamba alipigwa na baridi ya usiku kule Namugongo. Wengine walisema sumu. Haikuwa baridi wala sumu, na kwa sababu maneno kama hayo huzuia watu kujua, yafaa tueleze jambo lenyewe lilivyo.

Kijidudu cha malaria hakitoki katika mbu kama kilivyoingia. Mbu akimnyonya mgonjwa, kijidudu huhitaji kukua ndani ya mbu huyo kwa siku kadhaa kabla hakijaweza kumwingia mtu mwingine, na ukuaji huo hutaka joto. Pale penye joto la nyuzi 25 hivi huchukua yapata siku 12. Joto likishuka chini ya nyuzi 16 au 18, kijidudu hakiendelei, na mbu hufa kwa uzee kabla hakijakomaa. Mji wa Nyeri uko kiasi cha mita 1,750 juu ya bahari. Kampala iko kiasi cha mita 1,200. Tofauti hiyo ya mita 550 ndiyo inayotulinda tulipo, wala hatuibebi tuendapo. Mtu aliyekua Busoga ameumwa na malaria tangu utoto, na kama aliokoka, mwili wake umejifunza kupigana kiasi fulani. Sisi damu yetu haijajifunza neno. Hata wale ndugu zetu waliozaliwa Siaya au Busia, wakikaa Nairobi miaka mingi kwa kazi ya ofisi, nguvu hiyo huwapungua, na ndiyo sababu wengi wao huugua vibaya wakienda kwao Krismasi, wakasema wamelogwa.

Tena, tangu kuumwa na mbu hadi homa kutokea huwa siku 7 kwa uchache, na mara nyingi siku 10 hata 14, pengine zaidi. Hapa ndipo penye mtego. Homa haimkuti msafiri ugenini, ambako kila mganga huifikiri malaria kwanza. Humkuta kwake, mlimani, mbele ya mganga ambaye huenda hajaona mgonjwa wa malaria mwezi mzima. Kwa hiyo mtu aliyerudi kutoka Uganda, au kutoka pwani, au kutoka kando ya ziwa, akipata homa yoyote tangu siku ya saba hadi miezi mitatu baadaye, neno lake la kwanza kwa mganga liwe, "Nimetoka mahali fulani, tarehe fulani. Naomba nipimwe damu." Asingoje kuulizwa. Kipimo cha tone moja la damu hutoa jibu kwa muda wa dakika 15 au 20. Na mgonjwa asiende dukani kununua klorokwini kwa kuwa baba yake iliponya. Kenya iliiacha dawa hiyo kuwa ya kwanza kwa malaria tangu mwaka wa 1998, maana vijidudu vilikuwa vimeizoea. Dawa itumikayo sasa ni ile ya mseto iitwayo AL, ya siku tatu, nayo hunywewa baada ya chakula chenye mafuta kidogo ili ifanye kazi, na humalizwa yote hata kama homa imekwisha siku ya kwanza.

Lakini heri kujikinga. Ziko dawa za kinga, na daktari ndiye achaguaye. Doksisiklini hunywewa kila siku, tangu siku moja au mbili kabla ya safari mpaka majuma manne baada ya kurudi. Haifai kwa wenye mimba wala watoto wadogo, huifanya ngozi iungue upesi juani, na mtu akiimeza bila maji ya kutosha akalala mara hiyo, humchoma kooni. Iko nyingine yenye atovakwoni na proguanili, ambayo huendelezwa siku 7 tu baada ya kurudi, lakini bei yake ni kubwa. Na iko meflokwini, ya mara moja kwa juma, ambayo huanzwa majuma mawili au zaidi kabla ya kuondoka, wala haifai kwa mwenye kifafa au aliyewahi kuugua akili. Shida ya dawa hizi zote ni moja: mtu akifika nyumbani huona aibu kuendelea kumeza vidonge vya safari iliyokwisha. Majuma yale manne ya mwisho ndiyo yanayoua vijidudu vilivyokwisha kuingia na ambavyo vilikuwa vimejificha ini.

Pamoja na dawa, chandarua kilichotiwa dawa, shati la mikono mirefu, soksi, na mafuta ya kufukuza mbu. Kinga moja peke yake haitoshi.

Juu ya maji nina neno, na natumaini halitamchukiza mtu. Katika uwanja wa Namugongo pana ziwa dogo, na kati yake jukwaa la altare. Mahujaji wengi huchota maji yake katika vichupa wakayachukua kwa wagonjwa wao nyumbani. Mimi siwezi kubishana na imani ya mtu, nami mwenyewe nimechota. Lakini ziwa ambalo maelfu ya watu wamekaa kando yake siku nyingi, wakanawa miguu iliyopasuka kwa mwendo, ni maji ya kuchemshwa kama maji mengine. Acha yatokote dakika nzima, kisha yapoe. Sijapata kusikia padre akifundisha kwamba baraka huondoka pamoja na mvuke. Na anayetaka maji ya kunywa pale anunue chupa ambayo kifuniko chake hakijafunguliwa, au atumie vidonge vya klorini, maana kipindupindu na homa ya matumbo hupenda mikutano mikubwa kama wanasiasa wanavyoipenda. Mtu akianza kuharisha, kitu cha kwanza si kidonge bali ni maji: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, anywe kidogo kidogo wakati wote huku akipelekwa kwa mganga. Chumvi isizidi kipimo hicho.

Wakati wa kurudi dereva husimamisha basi Jinja ili watu waone mahali mto Naili unapotoka ziwani. Maporomoko ya Ripon aliyoyaona Speke mwaka wa 1862 hayapo tena, yalifunikwa na maji lilipojengwa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka wa 1954. Lakini mto ni ule ule, na kuutazama ukianza safari yake ya kwenda Misri ni jambo la kumfanya mtu anyamaze. Utazame ukiwa umesimama nchi kavu. Katika maji ya ufukoni huishi konokono wadogo wanaotoa vijidudu vya kichocho, navyo huingia mwilini kupitia ngozi isiyo na kidonda, kwa muda wa dakika chache tu, pasipo maumivu. Vijana huvua viatu wakaingia mpaka magotini ili wapigwe picha. Homa na upele huweza kutokea baada ya majuma kadhaa, au pasitokee kitu mpaka ini na matumbo yameharibika. Iko dawa yake, prazikwanteli, na ni nzuri, ila hainywewi na mtu asiyejua kuwa anaumwa.

Pikipiki za boda boda, ambazo jina lake lilizaliwa Busia kwa kuvusha watu kutoka mpaka hadi mpaka, zitamwua msafiri upesi kuliko vijidudu vyote nilivyovitaja. Asiye na kofia ya kukukinga kichwa usimpande.

Watu huniuliza sana kuhusu Ebola. Ni kweli kwamba imepiga Uganda mara kadhaa: Gulu mwaka wa 2000, ambapo daktari Matthew Lukwiya aliyeongoza vita hiyo alikufa nayo, Mubende na wilaya nyingine tangu Septemba 2022 hadi Januari 2023, wagonjwa 142 waliothibitishwa na 55 wakafa, na Kampala tangu mwisho wa Januari 2025 hadi tarehe 26 Aprili mwaka huo. Lakini Ebola haiambukizwi kwa kupita barabarani. Huambukizwa kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti, na Waganda wamejifunza kuizima upesi. Msafiri asikilize tangazo la serikali kabla ya kuondoka, na likisema msiende, asiende, kama vile mwaka wa 2020 mahujaji hawakuruhusiwa kukusanyika kwa sababu ya korona, na mashahidi hawakukasirika.

Mwaka wa 2024, kabla hatujapokea nauli, baba paroko alikubali kwamba orodha iwe na safu nyingine tatu: nambari ya kadi ya manjano, jina la dawa ya kinga, na chandarua. Asiyejaza safu hizo hakupewa kiti. Pakawa na manung'uniko, na mtu mmoja aliniita Bwana Afya mbele ya kanisa zima, jina ambalo bado ninalo. Usiku ule Namugongo tulisimika vijiti tukatundika vyandarua juu ya mikeka, watu 44, tukaonekana kama kambi ya wavuvi. Mahujaji wa Tanzania waliolala karibu nasi walitucheka mpaka saa nne. Saa tano wakaomba kuingiza watoto wao.

Baada ya kurudi, kila Jumapili kwa majuma manne nilisimama mlangoni mwa kanisa na orodha yangu, nikamwuliza kila mtu kama amemeza vidonge vyake. Wawili walipata homa. Mmoja alikuwa na mafua ya kawaida. Wa pili, kijana mchuma chai, alikuwa ameacha dawa siku ya tano kwa kuwa zilimchoma tumbo. Tarehe 17 Juni alipoanza kutetemeka mama yake alimpeleka hospitali kabla ya saa sita mchana, akawaambia waganga neno la Namugongo kabla hata ya kutaja jina la mwanawe. Alipimwa, ikaonekana malaria, akapewa dawa ya siku tatu. Jumamosi ya juma lile alikuwa shambani na kikapu mgongoni.